Mama, Ile Harufu Ulikuwa Unaisikia Kweli

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia tena, lakini ulimi umezoea, na sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Mikumi peke yangu, mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Kulikuwa na kikao cha maafisa kilimo. Nilipokipita kijiji cha Ulaya nikajikuta nimepunguza mwendo, nimeshusha kioo, nanusa. Hakukuwa na kitu, ni vumbi tu na majani yaliyonyeshewa. Nikasimama kando ya barabara, pale pale tulipokwama siku ile, nikakaa nimeshika usukani mpaka mtu wa pikipiki akasimama kuniuliza, "Mzee, gari limegoma?" Nikamwambia hapana, gari ni zima. Akanitazama, akaondoa pikipiki yake. Nilitaka kumweleza nikashindwa, basi naona nikuandikie wewe.

Ulikuja kwangu Kilosa baada ya kumzika Eliza. Watu wote waliokuja msibani walirudi makwao, wewe ukabaki na sanduku lako la bati na kikapu cha maharage ya Vidunda. Majirani walishangaa. Mama mkwe anakaaje nyumba moja na mkwewe, na binti aliyewaunganisha ameshaondoka? Ulisema tu kwamba Tumaini ana miaka sita na hawezi kujisuka nywele mwenyewe.

Tuliishi kwa adabu kubwa, unakumbuka. Mimi sikula mbele yako. Wewe hukulitaja jina langu hata siku moja, nilikuwa Baba Tumaini, na ukitaka kuniambia jambo zito ulimtuma mtoto: "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." Nami niko hatua tatu kutoka hapo, nasikia kila kitu, nasubiri mtoto aje aniambie.

Gari ndilo lililotulazimisha kuongea. Macho yako yalikuwa yameanza kuharibika hata kabla ya msiba, presha ya macho, na daktari alitaka akuone Mikumi kila mwezi. Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni safari ndefu kwa watu wawili wasiotazamana. Ulikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kikapu mapajani, kitenge kimefunika kichwa. Mimi mbele, macho barabarani. Miezi ya kwanza tulikuwa tunafika hatujasemezana zaidi ya "pole na mashimo".

Mpaka siku ile uliposema, tena bila kumtuma mtu, "Baba Tumaini, kuna mafuta yanaungua."

Nikanusa, sikusikia kitu. Nikakuuliza mafuta gani, ya taa?

"Siyo ya taa. Ni kama kikaango kimesahaulika jikoni."

Tuliporudi nililipeleka gari gereji kwa Fundi Saidi. Alifungua boneti, akapitisha kitambaa juu ya injini, akanionyesha oili ikivuja kidogo kidogo na kudondokea ekzosi yenye moto. Gasketi ilikuwa imekufa. Akabadilisha, na harufu ikaisha. Nilipomwambia nani aliyeigundua, Fundi Saidi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwambie mama mkwe wako nampa kazi hapa," alisema. Nilikuletea salamu zile kupitia kwa Tumaini, na kutoka jikoni nikasikia unacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chako. Kinafanana na cha Eliza, kinaanzia puani. Nilitoka nje nikasimama uani.

Mara ya pili ulisema, "Leo kuna plastiki." Tukasimama, nikainama chini ya gari, na kweli, kipande cha mfuko wa salfeti kilikuwa kimenata kwenye ekzosi kinayeyuka. Nilikibandua kwa kijiti nikakuletea ukione, na ukakisogeza karibu kabisa na jicho la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa limeshaanza kuwa na ukungu. "Nilikwambia," ulisema. Ulifurahi kama mtoto. Kuanzia hapo tulikuwa tunaongea. Uliniuliza kuhusu vitunguu vya Lumuma, ninachowafundisha wakulima, kama ni kweli wanamwagilia hata kiangazi. Ukanisimulia shamba lako la mlimani na shule ya misheni uliyosoma, na jinsi ulivyomchapa Eliza kwa kukataa kushika jembe, halafu ukajifungia ndani ukalia wewe.

Kwa hiyo ilipokuja harufu ya tatu, nilipaswa kukuamini. Hilo ndilo linaloniuma.

"Ni kama blanketi limeangukiwa na kaa la moto," ulisema, "halafu kuna chuma ndani yake." Tuliikagua. Nikasimama mara mbili njiani, nikafungua boneti, nikainama chini. Hakuna kitu. Nikampelekea Fundi Saidi, naye akalizungusha gari mjini, akarudi akisema ni zima. Nikaenda nalo Magole peke yangu na kurudi, nikaenda Lumuma kwenye barabara ile mbaya, vioo vimefungwa nijaribu. Hakuna harufu. Mwezi uliofuata ukapanda wewe, na hata hatujafika mbali ukasema, "Ile ile." Mwezi mwingine tena, "Ile ile, Baba Tumaini." Gari likiwa na mimi peke yangu halinuki. Likiwa na wewe linanuka.

Nilikuwa nimechoka siku ile. Ofisini walikuwa wamenisema, barabara ilikuwa matope, na ulisema mara tatu. Nikageuka, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakutazama usoni, nikasema, "Mama, gari ni zima. Fundi amelikagua. Ni pua yako tu."

Ulivuta kitenge kikafunika pua na mdomo. Ukasema, "Haya."

Mtu anayepoteza macho anabakiwa na nini, Mama? Ulimtambua Tumaini akitoka shule kwa harufu ya chaki na jasho lake. Ulijua maziwa yanaharibika kabla sisi hatujajua. Na mimi nikakwambia vile. Ulipokaa kimya safari nzima nilifurahi. Nilidhani tumeelewana.

Kisha ikaja siku ya madaktari wa macho.

Walikuwa wageni wanaopita hospitali moja baada ya nyingine, siku mbili hapa, siku mbili pale. Daktari wako alikuwa ameshakwambia kwamba dawa ya matone haitoshi tena, jicho la kulia linahitaji kupasuliwa ili kidogo kilichobaki kisipotee. Siku ya kwanza sikupata ruhusa kazini. Tukaondoka siku ya pili, asubuhi, na tulitakiwa tuwe tumefika kabla ya saa sita mchana.

Tulikuwa tumeipita Ulaya kwa mwendo mzuri tu. Gari likaanza kuwa zito, nikikanyaga mafuta linavutwa nyuma kama limefungwa kamba. Nikaangalia kioo cha pembeni, nikaona moshi unatoka gurudumu la nyuma la kushoto, chini kabisa ya kiti chako. Nilisimama, nikakimbia nikafungua mlango wako, nikakushika mkono kukutoa. Sikuwahi kukushika mkono kabla ya siku hiyo. Ringi ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuisogelea. Na ile harufu, Mama, niliisikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa blanketi na chuma. Hukukosea hata neno moja.

Nilikuuliza, nikiwa bado nahema, "Mama, hukuisikia harufu hii?"

"Niliisikia tangu hatujafika Ulaya."

"Sasa mbona hukusema?"

Ulikuwa umesimama kwenye majani, kikapu mkononi, umeelekeza uso mahali ambapo sikuwepo. "Uliniambia ni pua yangu," ulisema.

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayejibu swali.

Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa anapita na vibuyu vya maziwa alikuona umesimama juani. Akakukalisha chini ya kivuli cha kichaka, akakaa na wewe. Yeye Kimasai, wewe Kividunda, Kiswahili chenu kidogo kidogo, na mlikuwa mnaongea. Mimi nilikuwa nazunguka gari kama mwendawazimu. Ilipita saa nzima kabla dereva wa lori hajasimama. Yule bwana hakufungua hata boneti. Alisogeza mgongo wa mkono kwenye kila gurudumu, moja baada ya jingine. Matatu yalikuwa ya vuguvugu, moja linawaka. "Breki imeng'ang'ania," alisema. Tukalisubiri lipoe, tukalipiga jeki, akajaribu kulizungusha kwa mkono likakataa. Akaingia chini na nyundo, akagonga na kuvuta, akagonga na kuvuta, mpaka likaachia. Akaniambia niende polepole na nisichelewe kulifikisha gereji.

Tulifika hospitalini saa tisa. Wale madaktari walikuwa wameshafunga mizigo yao na kuondoka. Nesi alikuandika kwa safari yao nyingine, akasema itakuwa baada ya miezi kadhaa.

Tulikaa kwenye benchi nje. Nilikununulia soda hukuinywa. Nilitaka kuomba radhi kwa ajili ya harufu, kwa ajili ya saa sita iliyopita, lakini mdomo ulipofunguka yakatoka mengine. Nikakwambia habari za Eliza. Kwamba wiki zile za mwisho alikuwa ananiambia kichwa kinamuuma, na mimi nikawa namjibu ni uchovu, pumzika utapona. Kwamba asubuhi ninaondoka kwenda Lumuma alisema tena, na mimi nina begi mkononi, nikasema, "Eliza, ni uchovu tu." Kwamba niliporudi hakuweza kuongea. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia. Nilikuwa nakwambia wewe, mama yake, na nilikuwa natazama chini kwenye sakafu ya saruji nikisubiri unyanyuke uondoke.

Hukunyanyuka. Mtu alikuwa anafagia, mtoto analia wodini. Halafu ukasema, "Najua. Aliniambia kwenye simu. Alisema, mama, nikimwambia anasema ni uchovu."

Ulikuwa unajua, Mama. Tangu siku ya kwanza, na lile sanduku la bati, ulikuwa unajua.

"Nilikuja kwako na hasira," ulisema. "Nilisema nitamlea mtoto mpaka apate akili, halafu nimchukue niondoke naye. Asubuhi moja nikakukuta jikoni unakoroga uji wa Tumaini, machozi yanadondokea ndani ya sufuria, na wewe huna habari, unakoroga tu. Uji ule mtoto aliunywa. Nikashindwa kuendelea na hasira."

Nikakuuliza kama umenisamehe. Ulisema, "Nimezoea kukaa na wewe." Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Siku nyingine naona ni msamaha. Siku nyingine naona ulikuwa mkweli tu, na ulisema kile ulichokuwa nacho.

Kesho yake Fundi Saidi alilifungua lile gurudumu. Ndani palikuwa peusi. Vile vipande vinavyobana gurudumu likisimama vilikuwa vimeungua mpaka vimepasuka. Akaufuata waya wa hendibreki kwa kidole, akanionyesha ulivyoliwa na kutu upande ule wa kushoto. Ukivutwa unabana vizuri, ukiachiwa haurudi upesi, mpaka mashimo ya njia yautikise.

"Wewe hendibreki unaivuta lini?" aliniuliza.

Nikamwambia siitumii, naliacha gari kwenye gia. Na yeye gereji huweka jiwe tu chini ya tairi.

"Huivuti kabisa? Fikiria."

Nikafikiria, na jibu nikalipata. Betri lilikuwa limechoka, nikilizima gari asubuhi haliwaki tena. Kwa hiyo siku za kliniki nililiwasha, nikaliacha linanguruma mlangoni, nikashuka kukufungulia mlango. Na ili lisisogee hata kidogo wakati unapanda, usije ukaanguka, nilikuwa navuta hendibreki kwa nguvu zangu zote. Kwa ajili yako tu. Nikiwa peke yangu hapakuwa na mtu wa kumvutia hendibreki.

Saidi alibadilisha waya na vile vipande, akasafisha, akalizungusha gurudumu likazunguka jepesi bila kukwaruza. Nilikuja nyumbani kukueleza, bila kumtuma Tumaini. Ilibidi nieleze mara mbili. Ulipoelewa ulisema, "Kumbe ulikuwa unanitunza," ukatikisa kichwa, na sikujua kama unacheka. Tukaenda kulijaribu. Nikavuta hendibreki, nikakupandisha, nikaiachia, tukaenda mpaka Ulaya na kurudi, vioo vimefungwa, wewe umeinua pua kama mkaguzi. "Hakuna kitu," ulisema. Kisha ukaniomba niende polepole. Ulishusha kioo ukageuzia jicho la kulia milimani. "Endesha taratibu, Baba Tumaini, nataka kuona." Nikaendesha taratibu. Magari yalitupita yakipiga honi na sikujali.

Nilisema twende Morogoro tusiwasubiri wale madaktari. Ulisema tusubiri, matone yapo. Nikakubali haraka mno, Mama. Nalijua hilo. Waliporudi, daktari alikumulika jicho kwa muda mrefu, halafu akasema kwa upole kwamba lililokwisha kupotea halirudi. Nilimuuliza kama ingekuwa tofauti mara ile iliyopita. Akasema, "Huenda." Nimebaki na neno hilo.

Miaka miwili uliyokaa gizani nyumbani kwangu hukunilaumu hata mara moja, na nilikuwa natamani unilaumu. Ulijifunza kuhesabu hatua hadi jikoni. Ulimsuka Tumaini kwa vidole, misuko iliyonyooka kuliko ya mwenye macho. Kisha ukasema unataka kurudi Vidunda, ukanuse ardhi yako. Nikakupeleka. Ile milima gari lilipanda likilia, klachi ikatoa harufu, na kabla hujasema nikasema mimi, "Mama, nimeisikia, napumzika." Ukasema, "Vizuri." Nilikuacha na kaka yako, Mjomba Yohana, nikasema nitarudi mwisho wa mwezi. Nilirudi mapema zaidi, kwa sababu ya simu.

Pale msibani nilikaa nyuma, upande wa wakwe, kama desturi inavyotaka. Watoto wako wawili wa kiume walikaa mbele na mashati yao meupe. Mchungaji alipomaliza, Mjomba Yohana akasimama na karatasi kusoma historia yako. Alisoma shule uliyosoma, ndoa yako, kwaya uliyoimba, Eliza aliyekutangulia. Halafu akasoma, "Marehemu ameacha watoto watatu."

Nilihesabu nikajua amekosea. Watu nao walihesabu, nikasikia minong'ono. Shemeji yangu mkubwa akageuka. Mjomba Yohana hakuinua macho. Akasema, "Aliniandikisha mwenyewe, alinirudisha nisome mpaka akaridhika." Kisha akayasoma majina. La kwanza, la pili. La tatu lilikuwa langu, jina langu la ubatizo ambalo hukuwahi kulitamka mbele yangu miaka yote ile. Sikujua hata kama unalijua.

Walipoita watoto wa marehemu waje kuweka maua, sikuweza kunyanyuka. Shemeji alinifuata nyuma, akanishika mkono, akaniweka katikati yao.

Tumaini hajambo, anakusalimu. Nami sina cha kuongeza, Mama. Asante kwa kunikalisha kati ya wanao.

Pumzika.

Mwanao wa tatu,
Baba Tumaini
Kilosa